Picha ya pafu si picha ya pumzi

(Mazungumzo na watumishi wa hospitali na zahanati zetu)



Mgonjwa huyu mnamjua. Amemaliza dawa za kifua kikuu, makohozi hayana vimelea, kadi imeandikwa "amepona". Lakini akipanda mlima kwenda shambani anatweta mpaka anakaa chini. Anarudi kwetu, tunampiga eksirei, tunaona makovu, tunamrudisha nyumbani. Hata mimi nimewahi kufanya hivyo, na sikumsaidia.

Eksirei inaonyesha umbo la pafu. Haisemi hewa inafika wapi na wapi haifiki. CT skani nayo huonyesha umbo, ila kwa vipande vyembamba. Ikipigwa mtu akiwa amevuta pumzi, kisha akiwa ameitoa, sehemu zilizonasa hewa hujitokeza. Lakini mionzi yake ni mingi zaidi sana kuliko ya eksirei, hivyo si ya kurudiwarudiwa.

Wanaotaka kuona hewa yenyewe humpa mgonjwa kitu cha kuvuta. Njia ya siku nyingi ni kuvuta chembe ndogo zenye mionzi kidogo, mara nyingi za teknishiamu-99m, kisha kamera ya gama hupiga picha. Inafaa sana mkishuku damu imeganda katika mishipa ya mapafu, kwa kuwa ramani ya hewa hulinganishwa na ramani ya damu. Lakini picha ina ukungu, na teknishiamu hupungua nusu kila saa 6. Hata kitoleo chake, molibdeni-99, hupungua nusu kwa saa 66 hivi. Shehena ikikwama siku tatu uwanja wa ndege, zaidi ya nusu ya mlicholipia imekwisha.

Iko pia MRI ya gesi ya zenoni-129. Picha za kwanza, za mapafu ya panya, zilitangazwa mwaka 1994. Marekani iliidhinisha gesi hiyo kwa wagonjwa mwaka 2022. Haina mionzi na picha zake ni safi. Ila yahitaji MRI iliyoandaliwa na mtambo wa pekee wa kutayarisha gesi. Kwetu bado.

Kilichonivutia zaidi ni mkanda wa elektrodi, aghalabu 16 au 32, unaofungwa kifuani. Umeme hafifu hupita, na pafu lililojaa hewa huupinga zaidi. Daktari anaona kila pumzi hapo hapo kitandani. Huona usawa wa mkanda tu, lakini kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia ni msaada mkubwa.

Sasa, marafiki wametuuliza kama tunataka CT skani. Kwa maoni yangu, kwanza tupate spirometa. Haipigi picha yoyote, wala haitasema ni pafu lipi. Inapima mtu anatoa hewa kiasi gani na kwa kasi gani. Yule wa mlimani angalau angepimwa pumzi yake. Angalizo: asipulize mtu ambaye makohozi yake hayajapimwa, na kila mmoja apewe kichujio chake.