Epoksi na Hararati ya Karakana

Mwenye kupita Katwe, mtaa wa Kampala uliojipatia sifa kwa mafundi wake wa vyuma, aghalabu atamkuta fundi amekamua mirija miwili juu ya kipande cha boksi, mmoja una utomvu wa epoksi na wa pili dawa ya kuugandisha, akivikoroga kwa kijiti ili azibe ufa wa pampu ya maji. Na kazi hiyo, madhali pampu haishiki moto, ni ya haki kabisa.

Lakini epoksi si chuma, ijapokuwa baadhi yake hutiwa unga wa chuma. Ile ya kawaida, igandayo bila kuokwa, aghalabu huanza kulegea hararati ifikapo baina ya digrii 50 na 80 za selsiasi. Zile ziokwazo huweza kustahimili 150 na zaidi, walakini hata hizo, zikipita 300 au kadiri yake, huharibika na kuwa makaa. Basi azibaye kwa epoksi ekzosi ya gari, ipatayo mamia ya digrii, kusema kweli ametupa fedha yake.

Hatari kubwa zaidi ni kuchomelea karibu na kiungo kilichogundishwa, kwani utomvu uunguapo hutoa moshi uwashao macho na koo, na ndani yake mna kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu, nayo huua. Kwangueni kwanza gundi yote, fungueni milango, ndipo mwashe mashine. Na kiungo kitakachokaa motoni kichomelewe tangu awali, au kifungwe kwa bolti.