Kuangalia ndege: tuanzie kwetu
(Maneno ya mwalimu mmoja, mwanachama wetu, mbele ya mkutano wa shirika, Baraka)



Tangu juzi wengi munanicheka: «Mwalimu anataka tuangalie ndege, kama vile kuku za nyumbani hazitoshi.» Sawa. Munipe dakika kumi tu.

Tulirudi kwa meli kutoka Kigoma, na watoto wetu wengi walizaliwa kambini, Nyarugusu ao Lugufu. Siku moja kule ufukoni binti yangu akaniuliza: «Papa, ile ndege inasimama juu ya maji bila kuanguka, inaitwa nani?» Nikabaki mdomo wazi. Bibi yangu alikuwa na jina lake kwa Kibembe; mimi nililipoteza njiani. Ilibidi twende kuuliza mvuvi mzee, naye alicheka sana mbele ya kunijibu. Katika vitabu vya Tanzania wanamwita mdiria. Njo pale nilianza.

Anayeanza asinunue kitu. Chagua fasi moja karibu na kwako, ukae pale asubuhi, saa kumi na mbili mpaka saa moja, jua halijakuwa kali. Ukitulia, ndege watakuzoea. Tazama kwanza ukubwa: ni kama shomoro, kama njiwa, ao kama kunguru? Kisha mdomo, mkia, miguu, na kazi anayofanya. Rangi iache nyuma, maana mwanga unadanganya.

Na usitake kujua ndege wote. Shika mmoja. Sisi tulishika mdiria, mweusi na mweupe. Anapigapiga mabawa, anasimama hewani kichwa chini, halafu anajitupa majini. Mimi nilifikiri wote ni sawa. Nyuma ya majuma mawili binti yangu akaniambia: «Papa, huyu ana mikanda miwili kifuani, yule ana mmoja, tena umekatika katikati.» Kumbe wa mikanda miwili ni dume! Nimekaa kando ya ziwa hili miaka mingi, sikuwa nimeona.

Mbayuwayu nao, wengine wanafika kutoka Ulaya mwezi wa tisa ao wa kumi, wanarudi mwezi wa tatu ao wa nne. Kila mwaka wanakwenda na kurudi, na hawana hata kadi ya HCR.

Sasa habari ya jumele. Ndugu yangu wa Ufaransa alinitumia moja. Nikapanda nayo kilimani, na kwenye barière fulani wakanisimamisha: «Uko napima nini? Nani amekutuma?» Nilikaa chini mpaka jioni. Mimi nilirudi, jumele haikurudi. Kwa hiyo, vijana, musikie vizuri: kwanza kumwambia shefu wa kijiji. Kwenda watu wawili ao zaidi. Kutoelekeza jumele kwenye kambi, daraja ao barière. Kutotoka kwenye njia inayokanyagwa kila siku, na ukiona chuma usichokijua, usikiguse, uje kusema.

Pale juu Itombwe, mwaka 1951 walipata bundi ambaye wataalamu hawakuwa wanamjua. Walingoja mpaka 1996 ndipo wa pili akanaswa kwenye wavu. Mwaka ule ule wengi wetu tulikimbia. Sisemi twende Itombwe kesho, njia munazijua. Nasema tu, ndege huyo ni wa kwetu, na watoto wetu hawajasikia habari yake.

Wafadhili, muliuliza tunahitaji jumele ngapi. Mbili zinatosha, zikae ofisini pamoja na karatasi yenye muhuri wa shefu. Feza inayobaki tununulie makaye na mabiki, kila kijana aende kwa mzee mmoja aandike majina ya ndege, kwa Kibembe, kwa Kifuliiru, kwa lugha yoyote ya nyumbani. Mvuvi yule aliyetujibu tulimzika mwaka jana. Nilikuwa nimeandika majina kumi na moja tu kutoka kwake.

Tunaanza Jumamosi, saa kumi na mbili kamili, ufukoni. Feza ya transpo hakuna. Atakayekuja na redio tutamrudisha nyumbani.