Nani Ametutaja? Hesabu za Marejeo na Hatima ya Utafiti wa Kiswahili



1.0 Utangulizi

Awali ya yote natoa shukrani kwa waandalizi wa mhadhara huu kwa heshima waliyonipa. Wengi wenu mlitarajia kwamba mtu aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake akichunguza vitenzi vya Kiswahili angezungumzia vitenzi. Leo naomba mniwie radhi. Nitazungumzia hesabu, hasa ile hesabu ya marejeo ambayo siku hizi inachangia kuamua nani apandishwe cheo, nani apewe fedha za utafiti na, kwa kiasi kikubwa, nani aandike kwa lugha gani.

Nianze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya kupandisha vyeo katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mbele yetu palikuwa na jalada la mhadhiri kijana aliyekuwa ameandika kitabu cha sarufi na makala tano, zote kwa Kiswahili. Mjumbe mmoja alifungua kanzidata ya kimataifa, yaani ghala la taarifa za machapisho linalosomwa kwa kompyuta, akaandika jina la mwombaji, kisha akatusomea jibu: sifuri. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemrejelea. Kitabu kile nilikuwa nacho ofisini kwangu. Nilikuwa nikikifundishia, na wanafunzi wangu walikuwa wakikitoa nakala mpaka kurasa zake zikaachana. Hata hivyo, nilinyamaza. Maombi yakarudishwa.

Swali la mhadhara huu ni moja tu: ile sifuri ilikuwa ikipima nini?

2.0 Chimbuko la hesabu ya marejeo

Kutaja uliyepokea elimu kwake ni adabu ya kale. Katika mapokeo ya elimu ya dini ya pwani yetu, mwanafunzi alijulikana kwa mwalimu wake, na mwalimu kwa mwalimu wake, mpaka silsila ikamilike. Aliyesema neno bila ya isnadi alitiliwa shaka. Kwa hiyo wazo la kufuatilia nani kamtaja nani si geni kwetu. Kilicho kigeni ni kuligeuza kuwa mizani ya thamani ya mtu.

Huko Marekani, wanasheria walikuwa na faharasa ya Shepard tangu mwaka 1873. Wakili aliitumia kujua kama hukumu anayotaka kuitegemea imeungwa mkono au imetenguliwa na hukumu za baadaye. Mwaka 1955 Eugene Garfield alichapisha makala katika jarida la Science akipendekeza faharasa ya namna hiyo kwa ajili ya wanasayansi. Lengo lake lilikuwa la kumfaa msomaji: mtu asitumie matokeo yaliyokwisha kukosolewa bila ya kujua kwamba yamekosolewa. Taasisi yake iliyokuwa Philadelphia ilianza kuitoa faharasa ya sayansi katika miaka ya 1960. Ya sayansi za jamii ilifuata mwaka 1973, na ya sanaa na insia mwaka 1978. Sisi wa lugha na fasihi, basi, tuliingizwa katika nyumba ambayo ramani yake ilikwisha kuchorwa kwa ajili ya wengine.

Ramani hiyo ilikuwa na mlango mwembamba. Haikuwezekana kusoma kila jarida duniani, na Garfield aliegemea hoja iliyofanana na ile ya Samuel Bradford, mkutubi wa Uingereza, aliyeonyesha mwaka 1934 kwamba sehemu kubwa ya makala za uwanja fulani hupatikana katika majarida machache. Chagua hayo ya kiini, na umepata karibu kila kitu. Kwa kemia, hoja hiyo ina nguvu. Lakini mojawapo ya mambo yanayoliingiza jarida katika kiini ni kurejelewa na majarida yaliyokwisha kuwamo. Jarida la Kiswahili halimo kwa kuwa halirejelewi na waliomo. Na halirejelewi na waliomo kwa kuwa hawalioni. Ni sawa na mtu anayezuiliwa mlangoni pa arusi kwa sababu waliomo ndani hawamjui.

3.0 Vipimo viwili na mipaka yake

Kipimo cha kwanza ni kigezo cha athari cha jarida, kinachotolewa katika ripoti za kila mwaka tangu 1975. Hesabu yake ni nyepesi. Tuchukulie jarida lililotoa makala 40 katika miaka miwili iliyopita. Ikiwa makala hizo zimerejelewa mara 20 mwaka huu, kigezo chake ni 0.5. Zingatieni hiyo miaka miwili. Katika tiba, makala ya miaka kumi huenda imezeeka. Katika isimu ya Kiswahili, anayechunguza lahaja bado anafungua kamusi ya Krapf ya 1882 na ile ya Sacleux iliyoanza kutoka mwaka 1939; anayechunguza ngeli bado anabishana na Ashton wa 1944; na historia ya lugha yetu haiandikwi bila ya kupitia kwa Nurse na Hinnebusch wa 1993. Makala yetu nyingine huchukua hiyo miaka miwili kufika tu katika maktaba ya nchi jirani. Dirisha linafungwa kabla hatujafika barazani.

Kipimo cha pili ni kielezo cha h, kilichopendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego. Mtafiti ana kielezo cha 5 ikiwa machapisho yake matano yamerejelewa kila moja mara tano au zaidi, na hana la sita lililofikia mara sita. Kipimo hiki kinamfaa mwenye makala nyingi fupi. Mfikirieni sasa mwanaleksikografia anayetumia miaka ishirini kutunga kamusi moja. Hata kamusi hiyo ikirejelewa mara elfu moja, kama hana chapisho jingine, kielezo chake ni 1.

Chanzo cha hesabu nacho kina lake. Web of Science, iliyorithi faharasa za Garfield, na Scopus, iliyoanza mwaka 2004, huchagua majarida ya kusomwa. Google Scholar, iliyoanza mwaka huohuo, huokota pia vitabu na tasnifu za mtandaoni, lakini huokota kwa mashine na bila ya mchujo wa namna hiyo. Mtu mmoja, siku moja, anaweza kupata namba tatu zisizofanana. Kamati inayouliza namba bila ya kuuliza imetoka wapi haijauliza kitu.

4.0 Majina yasiyotambulikana

Kuna tatizo jingine, nalo ni la kiisimu hasa. Mashine huunganisha marejeo kwa kulinganisha maandishi. Chukueni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Katika tasnifu tunazosahihisha mwandishi wake ni TUKI hapa, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale, na kwingine jina hilohilo kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2009 taasisi yenyewe imekuwa TATAKI. Kitabu kimoja kimegawanywa vipande vinne, na kila kipande kinahesabiwa peke yake. Jarida letu kongwe, ambalo mizizi yake inarudi kwenye Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, linaitwa Kiswahili. Mashine itajuaje lini neno hilo ni jina la jarida na lini ni jina la lugha?

Majina ya watu nayo yana mantiki yake. Kwa Waswahili wengi jina la pili ni la baba na la tatu aghalabu ni la babu. Si jina la ukoo kama Ulaya. Said Ahmed Mohamed ni Mohamed, S. A. katika orodha moja, na Said, A. M. katika orodha nyingine. Mwandishi mashuhuri kama yeye atatambuliwa na msomaji. Mhadhiri chipukizi hatatambuliwa na mtu.

5.0 Lawama yetu wenyewe

Ndugu Mwenyekiti, ningeishia hapa mngenipigia makofi, kwa kuwa ni raha kuilaumu mizani ya mwenzio. Lakini wahenga walisema: nyani haoni kundule. Sehemu ya ile sifuri tuliiandika sisi.

Nimesahihisha tasnifu nyingi. Mara kwa mara mwanafunzi hueleza jambo kuhusu kirai au kiambishi ambalo limeelezwa vizuri kwa Kiswahili na mwalimu wa hapahapa, kisha humtaja mwandishi wa Kiingereza aliyelisema kwa ujumla kuhusu lugha nyingine. Nikimwuliza sababu, hujibu kwamba rejeo la Kiingereza lina uzito. Na tunaowafundisha hatuko mbali na kosa hilo. Tunaazima maelezo ya wenzetu darasani bila ya kuwataja; tunaandika vitabu vya kiada visivyo na marejeo; tunasema “wataalamu wengi wanadai” ilhali tunamjua mtaalamu huyo mmoja na nyumba anayokaa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilikifundishia kitabu cha kijana yule kwa miaka minne, na katika maandishi yangu ya muda huo sikukirejelea hata mara moja. Sifuri aliyosomewa ilikuwa pia sifuri yangu.

Matokeo yake ninayaona. Kijana yule alijifunza somo tulilomfundisha. Siku hizi huandika kuhusu Kiswahili kwa Kiingereza, katika majarida ambayo wanafunzi wake hawana uwezo wa kuyalipia. Wengine, kwa haraka ya kutafuta idadi, wamelipa fedha kwa majarida ya ulaghai yasiyosoma wanachokichapisha. Kipimo kikigeuka kuwa lengo, hukoma kuwa kipimo.

6.0 Upepo unaogeuka

Huko vilikotoka vipimo hivi, wenyewe wameanza kuvitilia shaka. Azimio la San Francisco la mwaka 2013 linataka kigezo cha jarida kisitumiwe badala ya kuutathmini utafiti wenyewe. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, katika kanuni yake ya tatu, inataka ubora wa utafiti wenye manufaa kwa wenyeji ulindwe. Mwaka 2019 Mwito wa Helsinki ulitetea uwingi wa lugha katika mawasiliano ya kitaaluma. Chuo Kikuu cha Sorbonne kiliacha kulipia Web of Science mwaka 2024 na kuelekea kwenye OpenAlex, kanzidata huria iliyoanza mwaka 2022. Kwa upande wetu, African Journals Online imekuwa ikiyafikisha majarida ya bara hili kwa wasomaji tangu 1998, na Swahili Forum, lililoanza Ujerumani mwaka 1994, husomwa bure mtandaoni.

7.0 Hitimisho

Sipendekezi tuzitupe hesabu. Hesabu ya marejeo ikisomwa kwa uangalifu hutuonyesha mazungumzo ya wataalamu yanakwendaje. Napendekeza mambo manne. Kwanza, kamati isome walau chapisho moja la mwombaji kabla ya kufungua kanzidata yoyote. Pili, kila mwandishi achague namna moja ya kuliandika jina lake, asiibadilishe, na ajipatie namba ya utambulisho ya ORCID, ambayo hutolewa bure. Tatu, majarida yetu yawe na ikisiri kwa lugha mbili na kitambulisho cha kudumu kwa kila makala, na tasnifu zote ziwekwe mahali panapofikika. Nne, nalo halihitaji fedha wala azimio: tusomane, tubishane, na tutajane kwa majina.

Nawaambia wanafunzi walio mbele yangu: mtakapoketi usiku huu kuandika, kila mara mtakapofika kwenye wazo mliloliokota katika kitabu cha Kiswahili, simameni, mwandikeni mwenyewe jina lake, mwaka na ukurasa. Makala yangu ijayo imeanza kwa kurejelea kitabu cha kijana yule. Nimechelewa mno kumsaidia katika kamati ile, lakini deni ni deni.