CHAKULA CHA SAMAKI NI JAMBO LETU WAFANYA KAZI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Malindi)



Wako watakaouliza: Chama cha watu wa reli kina haja gani na chakula cha samaki? Jibu letu ni fupi. Mshahara hupimwa kwa sufuria. Dagaa wakipanda bei sokoni, mshahara wetu umepungua, ijapokuwa hakuna aliyeukata. Tena wengi wetu tukistaafu hurudi nyumbani, na huku kwetu, toka Kilifi hata Ngomeni, wako jamaa waliochimba mabwawa. Basi habari hii yatuhusu mara mbili.

Na tutazame mambo yalivyo. Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango wa kuinua uchumi, ikaazimia kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo, kwa majimbo 140. Ndiyo mabwawa 28,000. Shabaha ilikuwa njema. Lakini msaada wa kwanza ulipokwisha, mengi yaliachwa yakaota nyasi. Sababu moja kubwa ni chakula. Katika ufugaji wa samaki, chakula humeza nusu ya gharama, au zaidi.

Mbona ni ghali? Kwa sababu samaki ataka protini apate kukua, na protini hiyo hutoka sana kwa dagaa wa Ziwa Victoria, waitwao omena, waliokaushwa na kusagwa. Yaani twasaga kitoweo cha maskini ili tulishe samaki wa kuuza. Wala si shida ya Kenya peke yake. Samaki wadogo wa Peru walipoadimika mwaka 1972, bei ya unga wa samaki ilipanda ulimwenguni. Ategemeaye dagaa tu ni mtumwa wa bei.

Je, iko njia nyingine? Iko. Hapa pwani tuna mashudu ya nazi. Lakini tuseme kweli: protini yake ni kama sehemu 20 katika 100, hali dagaa mkavu huzidi 50. Tena mashudu yakiwekwa penye unyevu huota ukungu wenye sumu. Huko Nairobi, taasisi ya wadudu iitwayo icipe, iliyoanzishwa mwaka 1970, imechunguza funza wa nzi askari mweusi. Funza hao hukuzwa kwa takataka za jikoni na sokoni, na wakikaushwa protini yao hufika kama 40 katika 100. Naye mwatiko wetu, afugwaye katika maji ya chumvi, hula sana mimea midogo ya majini, hivyo hadai dagaa wengi.

Basi kwa nini twaiambia Serikali? Kwa sababu mfanya biashara hatatoa fedha zake kumfundisha mtu asinunue kwake. Kazi hiyo ni ya umma. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, iliyoundwa mwaka 1979, ipo hapo Mombasa. Ina wataalamu, yahitaji fedha za kudumu, si za mradi wa miaka miwili mitatu.

Twaomba mambo matatu. Kwanza, chakula kijaribiwe huku pwani katika mabwawa ya chumvi, si Sagana tu penye maji baridi. Pili, matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, pamoja na vipimo vya debe na kilo, ili mwenye bwawa achanganye mwenyewe. Tatu, Serikali Kuu na Kaunti zishikane mikono. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, utafiti uko kwa Serikali Kuu na bwana samaki wa shambani yuko kwa Kaunti. Elimu isipotee njiani kati ya ofisi mbili.

Tena tuangalie jambo moja. Mashudu ndiyo chakula cha ng'ombe wa majirani zetu. Tukiyakimbilia sote, maziwa yatapanda bei. Kwa hiyo twapendelea zaidi kile kinachotupwa leo: takataka za soko, zilizo bure na zinazonuka.

Ndugu, tumezoea kudai mshahara, na tutazidi kuudai. Sasa tudai pia elimu itakayoulinda mshahara huo. Tunaomba tawi lipitishe azimio leo, nakala ipelekwe Kaunti na Wizarani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja ni nguvu.