KARELA NA UGONJWA WA KISUKARI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwaka, Pioneer, Eldoret)



Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya karela, lile tunda chungu la kijani lenye ngozi ya manundu kama ya mamba, ambalo siku hizi hutajwa kila panapozungumzwa habari za kisukari. Sikuja kulisifu wala kulitukana. Nimekuja kupambanua kazi iliyo yake na isiyo yake, maana katika jambo hili kosa moja laweza kuondoa uhai wa mtu.

Mmea huu si mgeni katika bara letu. Wataalamu huuita Momordica charantia, jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1753, nao huota wenyewe katika nchi za joto za Afrika na Asia. Jirani zetu wenye asili ya Kihindi hulikaanga karela kwa vitunguu na bizari, likawa kitoweo cha kila siku. Hapa Eldoret, juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, baridi hailipendezi. Hustawi zaidi penye joto, kama vile Kibwezi.

Je, lafaa kitu? Naam, ndani yake mna vitu viwezavyo kushusha sukari ya damu. Lakini tupime kwa mizani. Mwaka 2011 wataalamu wa Thailand walitangaza matokeo ya uchunguzi wa majuma 4. Wagonjwa waliopewa miligramu 2,000 za karela kavu kwa siku walipata nafuu kidogo. Waliopewa miligramu 1,000 za metformini walipata nafuu zaidi. Mwaka 2012 wataalamu wengine walioupitia uchunguzi uliokuwapo walisema kwamba ushahidi bado hautoshi.

Mtu asidhani kwamba kwa kusema hivi nazidharau dawa za miti. Hata hiyo metformini ilitokana na elimu ya mmea uitwao Galega officinalis, uliotumiwa na watu wa Ulaya tangu zamani. Tofauti ni kipimo. Kidonge cha leo na cha kesho ni sawasawa. Bilauri ya maji ya karela ya leo na ya kesho si sawa.

Sasa nitaje hatari zake. Anayetumia dawa za kisukari, kisha akaongeza maji ya karela kwa wingi, sukari yake yaweza kushuka kupita kiasi: atatoka jasho, atatetemeka, atachanganyikiwa, na mwisho atazirai. Mama mjamzito asilitumie kama dawa. Watoto wasipewe mbegu zake, hata zikiwa na utando mwekundu unaovutia.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili: mwenye kisukari cha aina ya kwanza hawezi kuishi bila insulini. Kabla ya mwezi wa Januari 1922, mgonjwa wa kwanza alipodungwa insulini mjini Toronto, mtoto mwenye ugonjwa huo alikonda mpaka akafa. Hakuna jani, tunda wala mzizi unaoshika mahali pa sindano hiyo.

Wanachama wenzangu, mfuko wetu huchangwa kwa jasho. Hutusikitisha kuutoa kwa maziko ya mtu ambaye angaliweza kuwa nasi. Kwa hiyo naomba mambo manne. Kwanza, anayelipenda karela na alile kama mboga, kwa kiasi. Pili, asiache vidonge wala sindano kwa shauri la mtu yeyote asiye mganga wake wa hospitali. Tatu, amweleze mganga huyo kila dawa ya miti anayoitumia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya asili, basi hakuna sababu ya kuona haya. Nne, tupimwe damu mapema, hasa wenye jamaa waliougua kisukari na wenye kiu na mkojo usio wa kawaida. Hospitali kubwa ya rufaa imo humu mjini mwetu. Wengine husafiri siku nzima kuifikia.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Tusingoje kilio.