Herufi Nene za Brashi

Wenzetu wa Kibiti na wa visiwa vya delta ya Rufiji, karibuni darasani. Tayarisheni daftari na kalamu. Leo hatufungui kitabu. Leo tunasoma vibao.

Juu ya milango ya maduka, ubavuni mwa magari na kwenye omo za majahazi, herufi nyingi huandikwa kwa mkono, kwa brashi na rangi. Ni nene. Nyingine zimeinama, nyingine zina kivuli kama mtu aliyesimama juani. Fundi amezichezesha makusudi, ili zikuite ungali mbali.

Utajuaje kuwa ni kazi ya mkono? Andikeni neno KIBITI kwa herufi kubwa.

(Kimya kidogo. Wanafunzi waandike.)

Hesabuni I. Ziko 3. Gazetini, I hizo 3 ni sawasawa kabisa. Katika kibao cha brashi, moja imenenepa, nyingine imeinama. Mkono haurudii.

Wapiga chapa nao walitaka herufi kubwa za kuita watu. Herufi kubwa za risasi zilikuwa nzito na za gharama. Mwaka 1827, Darius Wells wa New York, Marekani, alianza kutengeneza herufi za mbao kwa mashine, kwa ajili ya matangazo. Siku hizi kompyuta ina herufi za chapa zinazoiga brashi. Ukitaka kuzitambua, fanya kama tulivyofanya: linganisha herufi zilizorudiwa.

Sasa, mchezo huu una hatari yake. Tuseme umesimama Kibiti unataka kwenda kupanda boti ya Mafia. Gari moja limeandikwa NYAMISATI, jingine UTETE. La Nyamisati litakufikisha baharini. La Utete litakupeleka bara, kwenye mto. Asiyejua kusoma atauliza, na akijibiwa vibaya, siku yake imepotea. Ajuaye kusoma naye atakwama ikiwa fundi amezidisha unene.

Kwa nini? Tazameni E. Ina mikono 3. Brashi ikizidi, mikono hugandana, na E huwa kama gogo. Tazameni A. Ina tundu. Likizibwa, hubaki pembe tatu tupu. B ina matumbo 2. Yakijazwa rangi, utaiona kama D. Basi shikeni kanuni hii: herufi icheze, lakini isipoteze alama yake.

Kazi ya nyumbani. Kwanza, nakili majina 3 kutoka vibao vya barabarani au vyombo vya bandarini. Pili, andika jina lako kwa herufi nene kwenye karatasi kubwa, uitundike ukutani. Mwite mwenzako asome akiwa umbali wa hatua 20. Akishindwa, usimcheke. Rudi ukaangalie matundu ya herufi zako.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.