Dawa ya Presha Haina Likizo
(Hotuba kwa wanachama wa Kitui na Makueni)



Tumeombwa tuseme juu ya presha ya damu, na hasa juu ya wale waliokwisha pewa dawa kisha wakaziacha. Hatukuja kumgombeza mtu. Twataka kujua kwa nini mfanyakazi huacha dawa, na chama chaweza kufanya nini.

Presha haina makelele. Mtu aweza kupimwa akapatikana na 160 juu ya 100, wala asisikie maumivu yo yote. Uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne katika Kenya alikuwa na presha, na wengi wao hawakujua. Anayejua huanza vidonge, presha hushuka, naye husema, "Nimepona." Hakupona, ni vidonge vilivyoizuia. Akiviacha, presha hurudi kimya kimya, ikiharibu figo na moyo, mpaka siku mshipa wa kichwani unapoziba au kupasuka, na mtu akapooza upande mmoja. Siku hiyo jamaa nzima imepoteza mshahara.

Lakini si wote waachao kwa kudhani wamepona. Kaunti ya Kitui peke yake ina kilometa za mraba zaidi ya 30,000. Mtu wa Mutomo aendaye Kitui mjini, au wa Mtito Andei aendaye Wote, hulipa nauli na kupoteza ujira wa siku. Na pengine huambiwa dawa zimekwisha, akanunue dukani. Mwaka 2016 Makueni ilianza mpango wa matibabu kwa shilingi 500 kila jamaa kwa mwaka. Ulikuwa msaada mkubwa, lakini nauli na ujira uliopotea havikuwamo. Mpakiaji wa mchanga alipwaye kwa siku hupiga hesabu: vidonge au unga? Huyo si mzembe.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, sehemu ya 30, yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Lakini mtu wa presha hutembea na kufanya kazi. Msimamizi humwona mzima, humnyima ruhusa. Hapo ndipo penye kazi ya chama.

Kwa hiyo twashauri:

1. Siku ya kliniki yenye malipo iandikwe katika mapatano yetu na waajiri.

2. Mwombeni daktari dawa za miezi miwili au mitatu kwa safari moja, kama hali yaruhusu.

3. Meza kidonge saa ile ile, hata ukiwa zamu ya usiku. Ukisahau leo, usimeze viwili kesho. Wala usigawane na jirani.

4. Vidonge vikikuvimbisha miguu au kukukohoza, mwambie daktari akubadilishie. Usiviache mwenyewe.

5. Kila mahali pa kazi wawili wakumbushane.

Ndugu, katika Ukamba twajua mwethya: shamba la mmoja hulimwa na wengi. Na dawa za mmoja zilindwe na wengi vivyo hivyo. Mfanyakazi aliyepooza hawezi kudai haki yake peke yake.

Umoja ni nguvu.